Nusu Iliyopenya Ukutani

Watoto wa jengo lile walimwita Macho Manne, na jina likamkaa, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kuvaa miwani hata siku moja. Alikuwa akitengeneza za wenzake. Tangu ujana wake mpaka nywele zilipoanza kumkimbia, kazi yake ilikuwa ile ile: kukaa chumba cha nyuma cha duka la miwani, kuisaga lenzi pembeni mpaka iingie ndani ya fremu bila kulegea wala kulazimishwa, kisha kutoka mbele, kumvisha mteja, kuikunja kidogo mikono ya miwani nyuma ya masikio na kuuliza, "Inabana? Inateleza?" Kwa wateja wengi, sura yake ndiyo ilikuwa kitu cha kwanza kukiona vizuri baada ya miaka mingi ya ukungu. Wengine walishtuka. "Kumbe na wewe ni mzee!" aliwahi kuambiwa na bibi mmoja aliyekuwa akimwita "mjukuu wangu" muda wote wa kupimwa. Duka zima likaangua kicheko, na yeye akacheka kuliko wote.

Nyumbani alikuwa na mke. Tangu binti yao alipozaliwa waliitana Mama Watoto na Baba Watoto, kwa matumaini kwamba wengine wangefuata. Hawakufuata, lakini wingi ule ulikuwa umeshazoea midomo yao, wakauacha. Mama Watoto alikuwa mwanamke wa sauti. Akipika alizungumza na sufuria, akifagia aligombana na vumbi, na ukimwona kimya ujue anaumwa. Mumewe, mtu wa maneno ya kuhesabika, aliishi ndani ya sauti hiyo kama samaki anavyoishi majini. Hakujua kama ipo.

Kisha binti aliolewa mbali, nchi ya kufikiwa kwa ndege, na alipojifungua, mama yake akaenda kumsaidia kulea.

"Miezi mitatu tu," alisema siku ya kuondoka, huku amekandamiza sanduku kwa goti ili zipu ifunge. "Mtoto akikaza shingo, narudi."

Mtoto alikaza shingo. Akakaa, akatambaa, akaota meno, akasimama dede. Hata kabla hajaacha kujigonga kwenye miguu ya meza, mimba ya pili ikaingia, na Mama Watoto akasema kwenye simu, "Sasa Baba Watoto, nitamwachaje mtoto wetu katika hali hii?"

Naye akajibu kama alivyojibu kila mara. "Kaa tu. Mimi niko sawa."

Hapakuwa na ugomvi. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuwaeleza watu. Aliyekimbiwa na mke anajulikana. Mgane anajulikana. Aliyetoa talaka naye anajulikana. Kila mmoja wao ana pole yake. Lakini mtu ambaye mkewe yu hai, anampenda, anampigia simu kila Jumapili, ila tu hayupo, huyo apewe pole ipi?

Dada wa Kaunta, aliyekuwa akipokea wateja pale dukani na kusimamia kila kitu, kuanzia simu mpaka maisha ya watu, alimwambia bila kupepesa, "Mzee, upweke ni uvundo. Tafuta hata paka."

"Na paka akipata wajukuu?" alijibu Macho Manne. "Si ataniacha naye?"

Dada wa Kaunta alicheka mpaka akaegemea droo. Yeye akarudi chumba cha nyuma, akawasha mashine ya kusagia.

Ni katika kipindi hicho nyumba ya jirani ilipopata mpangaji mpya, na mpangaji akaja na piano. Wanaume waliipandisha ngazi kwa kamba na matusi, ikakwama kwenye kona, na jengo zima likatoka milangoni kutoa ushauri. Mmoja akataka ilazwe, mwingine akataka isimamishwe, wa tatu akauliza kama hilo ni jeneza la tembo. Macho Manne naye alitoka, akashika kona moja bila kuombwa, na wakafanikiwa kuipindisha. Mpangaji mwenyewe, kijana mwembamba aliyezungumza kama mtu aliyeamshwa sasa hivi, alikuwa akiifuata nyuma amenyoosha mikono, kama mama anayemfuata mtoto anayejifunza kutembea. Alikuwa mwalimu wa muziki katika shule fulani, na jioni alifundisha watoto nyumbani. Haikupita wiki, jengo likampa jina: Bwana Kinanda.

Piano iliegemezwa kwenye ukuta. Upande wa pili wa ukuta huo kulikuwa na meza ambayo Macho Manne alilia chakula.

Mwanzoni alisikia watoto wakipanda na kushuka sauti zile zile, kama watu wanaotafuta funguo gizani. Watoto walipokwenda zao, Bwana Kinanda alianza kazi yake mwenyewe. Macho Manne hakujua lolote kuhusu muziki wa namna ile. Harusini alikaa mbali na spika, na redioni alisikiliza habari tu. Ila huu haukumwomba ajue chochote. Ukuta ulikuwa mnene. Sauti nyembamba zilifia ndani ya matofali, na zile nene ndizo zilizopenya. Zilimfikia polepole, nzito, kama mtu anayetembea chumba cha pili bila viatu. Alijikuta anatafuna taratibu ili asizikose.

Walifahamiana vizuri kwa sababu ya miwani. Siku moja Bwana Kinanda aliingia dukani akilalamika kwamba miwani yake ni nzuri kwa kitabu na nzuri kwa barabara, lakini akikaa kwenye piano, noti zinamwogelea. "Nainamisha kichwa, nainua kichwa," alisema. "Mfano wa kuku anywaye maji."

Macho Manne alimwambia kwamba karatasi ya piano haiko karibu kama kitabu wala mbali kama barabara. Iko katikati, na katikati hiyo lazima ipimwe pale pale anapokaa. Basi jioni alibisha hodi akiwa na tepu yake ya kupimia. Chumba kilikuwa cha mtu anayeishi ndani ya kazi: vikombe juu ya vitabu, vitabu juu ya kitanda, shati likining'inia kwenye kitasa cha dirisha. Alimkalisha kijana mbele ya piano, akapima kutoka puani mpaka kwenye karatasi.

"Upande wa pili wa ukuta huu anakaa nani?" aliuliza Bwana Kinanda, shingo imekakamaa kwa ajili ya tepu.

"Mimi."

Kijana aligeuka, tepu ikamkwaruza shavu. "Mungu wangu! Mzee, nakusumbua!"

"Hata kidogo."

"Useme ukweli. Nilikotoka walinifukuza."

"Piga tu, mwanangu," alisema Macho Manne. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshaingia na hakujua lini ataingia tena, akauliza, "Ni wimbo gani huo unaoutengeneza?"

"Si wimbo hasa. Ni kitu kirefu. Bado hakijaniambia jina lake."

Miwani mpya ilipokamilika, kazi upande wa pili ilikwenda kasi zaidi, au ndivyo Macho Manne alivyopenda kuamini. Mvua zikaingia. Na wakati wa mvua, kikazaliwa kipande kimoja ambacho Bwana Kinanda alikirudia jioni baada ya jioni. Sauti zilishuka moja baada ya nyingine, kama mtu anayeshuka ngazi na mzigo; zikasimama kupumzika; zikapanda moja, kana kwamba kuna kitu kimesahauliwa juu; halafu zikaendelea kushuka. Mara nyingine kijana aliishia katikati akaanza upya. Mara nyingine alikipiga chote, kisha kimya kikafuata, na Macho Manne akabaki na kijiko hewani akisubiri.

Aliamini amekielewa. Alijiambia kwamba kijana yule ameachwa, au amefiwa, au yuko mbali na watu wake, na hawezi kusema, ndiyo maana anapiga. Huku mimi, kule yeye, katikati tofali. Siku moja alijikuta anauambia ukuta, "Pole, mwanangu," kisha akatazama mlango kwa haya, kama vile kuna mtu wa kumsikia.

Kazini alikiimba kwa pua huku akisaga lenzi. Dada wa Kaunta alichungulia. "Mzee, huo wimbo wa msiba umeutoa wapi?"

"Kwa jirani."

"Mpe pole."

"Nimeshampa," alisema Macho Manne.

Mvua zilikatika. Siku moja asubuhi, Bwana Kinanda alibisha mlango. Alikuwa amenyoa ndevu, macho yanang'aa, na mkononi ameshika tiketi mbili.

"Shikamoo mzee. Kazi yangu imekwisha. Jumapili ijayo alasiri inapigwa ukumbini, mbele ya watu, kwa mara ya kwanza. Wewe umeivumilia kuliko mtu yeyote duniani, siwezi kukuacha nyuma. Njoo na mama."

Macho Manne alizitazama tiketi. Hakuwahi kumwambia kijana huyu kuhusu Mama Watoto. Kijana aliona kitambaa cha kike mezani na viatu vya kike mlangoni, akahesabu mwenyewe. Kumrekebisha sasa, pale mlangoni, na furaha ile usoni mwake, kulihitaji maneno ambayo hakuwa nayo.

"Tutakuja," alisema.

Mke alipopiga simu, alimweleza. Nyuma ya sauti yake mtoto alikuwa akigonga kitu cha bati.

"Kinanda?" Mama Watoto alicheka. "Wewe? Wewe ambaye harusi ya mwanao mwenyewe ulihamia jikoni kukwepa muziki?"

"Ni jirani. Amenialika."

"Nenda, nenda. Ila usiende peke yako kama kidole. Tafuta mtu. Subiri kidogo… wewe, toa hiyo mdomoni! Baba Watoto, nakuja." Macho Manne alisubiri. Alisikia maji, kicheko, mlango. Simu ikakatika yenyewe, na alipopigiwa tena, walikuwa wameshasahau walikuwa wakiongea nini.

Alimwomba Dada wa Kaunta. Dada wa Kaunta alijishika kiuno.

"Jumapili alasiri, mzee? Siku ya nguo, siku ya kusuka watoto, na mama mkwe amesema anapita? Halafu ni muziki usio na maneno. Nitalala, nikorome, nikuaibishe." Alipoona uso wake, akalegeza sauti. "Nenda tu, mzee wangu. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini kubonyeza kinanda kinaweza."

Basi akaenda peke yake. Alivaa suti ya harusi ya binti yake, iliyombana kifuani na kupwaya mabegani, kama imeshonewa watu wawili. Tai aliitoa kabatini ikiwa imefungwa tayari. Mama Watoto ndiye aliyeifunga asubuhi ya harusi ile, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kulifungua fundo; aliipitisha kichwani kama kamba, akaivuta mpaka shingoni.

Ukumbi ulikuwa na zulia lililomeza nyayo na viti vya kujikunja. Kila mtu alikuwa na mtu. Waliinamiana, wakaonyeshana karatasi ya ratiba, wakatoana uzi kwenye bega. Alipata nafasi yake, akakaa, na kiti cha pembeni kikabaki kimejikunja kama mdomo uliofumbwa. Alikikunjua akakibonyeza kwa mkono kikae; alipouachia mkono, kikajikunja tena. Mwishoni alivua koti, akaliweka juu yake.

Mama mmoja mnene, amejaa manukato na peremende za kikohozi, alisimama mbele yake akiwa na tiketi ya nyuma kabisa. "Samahani baba, hiki kina mtu? Kule nyuma nguzo imenikinga."

Angeweza kusema hapana. Kilikuwa ni kiti tu.

"Kina mtu," alisema. "Anakuja."

Mama yule alipata nafasi nyingine ya wazi, kiti kimoja mbele yake. Taa zikafifia. Kwanza zilipigwa kazi za watu wa zamani, nzuri, zinazojua zinakokwenda. Macho Manne alizisikiliza kama mtu aliyekaa stesheni akiangalia magari yasiyo yake. Wakati wa mapumziko yule mama aligeuka, akaona koti.

"Wako amechelewa?"

"Amechelewa."

"Foleni," alisema mama kwa huruma, akamkunjulia peremende.

"Foleni," alikubali Macho Manne, akaitia mdomoni.

Walipozima taa tena, alijiweka sawa, akakaza tai, akasubiri Bwana Kinanda atoke. Hakutoka. Alitoka mwanamke kijana aliyevaa gauni la kijani, akainama, akakaa mbele ya piano, akasukuma kiti nyuma kidogo. Ndipo Macho Manne alipokiona kisogo cha jirani yake mstari wa kwanza kabisa, na mikono ya miwani aliyoikunja mwenyewe ikiwa imekaa vizuri nyuma ya masikio.

Muziki ulianza, naye hakuutambua.

Ulianza juu. Sauti ndogo ndogo, nyepesi, zilirukaruka kama mvua ya kwanza kwenye bati, kama watoto waliofunguliwa mlango wa shule. Zilikimbizana, zikafichana, zikatokezana. Alidhani wamekosea ratiba. Akatazama karatasi, jina la kijana lilikuwepo. Kisha, chini kabisa, taratibu, ikaja sauti nene aliyoijua, na ya pili, na ya tatu, na nywele za mikono zikamsimama kama mtu aliyesikia sauti ya ndugu katika mji wa ugenini. Zilikuwa zile zile. Nzito, zinatembea bila viatu. Lakini juu yake sasa kulikuwa na hizi nyingine, zinacheka. Zilikuwa zikicheka tangu mwanzo. Zile nene hazikuwa zikiomboleza hata kidogo. Zilikuwa zimeshikilia kamba za bembea ili hizi ndogo zipae.

Alikaa na mikono magotini. Jioni zote zile, kijana alikuwa upande wa pili akifurahi. Ukuta ulikuwa umeichuja furaha yote, ukampa yeye makapi, naye akayala kama chakula, akashiba, akasema pole. Hakukasirika. Alijisikia tu kama mtu aliyekuwa akimfariji mwenzake begani kwa muda mrefu, kisha mwenzake akageuka, na kumbe alikuwa akitetemeka kwa kicheko.

Ila kulikuwa na kile kipande cha ngazi. Hicho hakingeweza kucheka, hata kiwekewe nini juu. Alikingoja. Kila sauti zilipoteremka, aliinua kidevu: sasa. Zikageuka, zikaenda kwingine. Gauni la kijani liliyumba, mikono ikavukana, sauti zikapanda, zikajaa ukumbini mpaka ikawa kama dari imeondolewa, na ghafla watu wote wakawa wamesimama wanapiga makofi. Alibaki ameketi kidogo, akidhani kwamba wamekatiza kabla ya mwisho. Ulikuwa ndio mwisho. Kipande cha ngazi hakikupigwa.

"Imechangamka!" alisema yule mama wa peremende, akijifuta macho. "Nimejiona binti wa miaka kumi na sita. Wako amekosa, baba."

"Amekosa," alisema.

Kwenye ukumbi wa mbele watu walimzunguka Bwana Kinanda kama nyuki. Macho Manne alikuwa ameamua kupita pembeni, lakini kijana alimwona, akampungia kwa mikono yote miwili.

"Mzee! Jamani pisheni, huyu ni mzee wangu, ndiye aliyenipa macho!" Alimshika mkono, akamvuta mwanamke wa gauni la kijani. "Huyu ni mchumba wangu. Kila ulichosikia usiku na mchana, mzee, nilikuwa namwandikia yeye. Alikuwa masomoni mbali, sasa amerudi."

"Kwa hiyo wewe ndiye mwenye ukuta!" alisema mwanamke, akacheka kama muziki ule ule. "Ameniambia mengi. Pole kwa kelele. Sasa utapumzika, mwezi ujao namhamisha."

"Hongereni sana," alisema Macho Manne. "Hongereni." Kisha, kwa kuwa hakuwa na hakika kama angewaona tena, akajikaza. "Kulikuwa na kipande. Wakati wa mvua." Akakiimba kwa pua, kwa sauti ndogo, pale katikati ya watu.

Bwana Kinanda alikunja uso, akijaribu kukumbuka. Mchumba ndiye aliyekumbuka kwanza.

"Kile! Alinipigia kwenye simu. Nilimwambia akitoe."

"Kilikuwa kinatuvuta chini," alisema kijana. "Hakikuwa cha hapa. Ulikipenda, mzee?"

"Nauliza tu."

"Na mama yuko wapi? Nilitaka nimsalimie."

Macho Manne alifungua mdomo kusema foleni. Neno lilikuwa tayari. "Hayupo," akasema badala yake. "Yuko kwa binti yetu. Hajarudi tangu kabla wewe hujahamia."

Lakini mtu alikuwa ameshamkumbatia Bwana Kinanda kutoka nyuma, mwingine anataka picha, na kijana alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha, "Msalimie sana, mzee, msalimie sana," huku akisombwa na watu wake.

Nje jua lilikuwa bado kali. Watu waliteremka ngazi za ukumbi wawili wawili, wakiongea. Alitembea kwa miguu mpaka nyumbani, koti begani. Alipofika alivua viatu, akakaa mezani, na kabla woga haujamshika, akapiga simu yeye, jambo ambalo halikuwa desturi.

"Kuna nini?" Mama Watoto aliuliza kwa kihoro. "Nani anaumwa?"

"Hakuna. Nimetoka kwenye muziki."

"Haya! Ulikuwaje?"

"Mzuri. Wa furaha."

"Mbona sauti yako si ya furaha?"

Niko sawa: neno lilikuwa pale, limelainika kama sabuni kwa kutumiwa. Alilimeza.

"Mama Watoto, mimi siko sawa."

Mwanamke yule, ambaye hata usingizini alikuwa na la kusema, alinyamaza mpaka mumewe akadhani simu imekatika.

"Tangu lini?" aliuliza mwishoni.

"Tangu mtoto alipokaza shingo."

Akaja juu. Alilia na kugomba kwa pamoja, kama mvua na jua. "Na kila Jumapili nakuuliza! Kila Jumapili! Unaniambia kaa, uko sawa, uko sawa! Mimi nimekaa huku nikijua umepumzika kelele zangu. Nikasema, mzee wa watu, maisha yake yote nimempigia domo, amepata utulivu, nimwache. Kumbe! Baba Watoto, una kinywa cha kufanyia nini?"

Alimsikiliza akigomba, na hakutaka amalize.

Alikuja. Si kesho yake. Mtoto wa pili alikuwa ndiyo kwanza anazaliwa, kisha kukawa na homa, kisha nauli zikapanda. Alipokuja, Bwana Kinanda alikuwa ameshahama, piano imeshushwa ngazi kwa matusi yale yale, na mpangaji mpya alikuwa mtu wa zamu ambaye hakusikika kabisa. Mama Watoto alikuja kwa mwezi mzima. Alikuwa amenenepa kidogo, na maneno fulani aliyatamka kwa namna ya huko. Alifagia, aligombana na vumbi, aliwachangamsha majirani wote. Siku ya pili, wakati anapika, aligeuka kutoka jikoni akauliza, "Baba Watoto, chumvi siku hizi inakaa wapi?"

Aliinuka akamwonyesha. Wote wawili waliitazama rafu ile kwa muda. Kisha yeye akarudi mezani akajifanya anasoma.

Mwezi ulikwisha. Binti alikuwa anarudi kazini, watoto hawakuwa na mtu. Pale uwanja wa ndege Mama Watoto alimshika kola akaitikisa. "Safari hii njoo wewe. Miwani iko kila mahali duniani." Alisema atakwenda. Alisema kweli, maana wiki hiyo hiyo alishughulikia pasipoti.

Pasipoti ilitoka. Dada wa Kaunta aliiona, akaipekua, akaicheka picha. Kila Jumatatu alimuuliza kama amekata tiketi, na kila Jumatatu jibu lilikuwa bado.

"Unaogopa ndege?"

"Ndege siogopi."

"Sasa?"

Macho Manne alikuwa akifuta lenzi kwa kitambaa, akaiinua kwenye mwanga. "Naogopa nikifika nitakuwa mgeni. Kwa mke wangu."

Dada wa Kaunta hakucheka mara moja, na kwake hilo lilikuwa jambo. "Mgeni siku mbili, mzee," alisema. "Ya tatu mpe jembe. Watakubebesha mtoto mgongoni, utasahau kama ulikuwa mgeni."

"Na nisiposahau?"

Mlango wa duka ulifunguliwa, mteja akaingia akipapasa ukingo wa kaunta. Dada wa Kaunta alimkaribisha, akamvutia kiti. Macho Manne alisubiri kidogo, pengine angepata jibu, kisha akarudi chumba cha nyuma.